Wageni wa Mti Mkavu

"Kangaga, sita!" binti alipaza sauti kutoka juu ya mti, kisha akasubiri. Mazoea yana taabu. Miaka tisa kaka yake alikaa pale chini kwenye kigoda, akirudia kila alichoambiwa kabla ya kukiandika: "Kangaga, sita. Haya, endelea, mdogo wangu." Sasa kaka ana wiki tatu kaburini, na daftari limekaa peke yake juu ya kigoda.

Mti nao ulikuwa umekufa. Ulikauka tangu kiangazi, ukabaki umesimama kwa ukaidi tu. Hata hivyo ulibeba aina arobaini na moja za mimea iliyoota juu yake, kangaga na okidi zikiwamo, maana gome la mti mzee lina mikunjo ya kushika mizizi. Miti michanga ya jirani, na ulaini wake wote, haikuwa na hata aina tano.

Kaka ndiye aliyemchukua wazazi walipofariki. Wifi yake, mke wa kaka, hakumpenda hata siku moja. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema mbele yake bila haya. Kaka akacheka, akampa kamba ya kupandia miti, wahesabu pamoja mimea ya kituo cha utafiti. Magoti ya kaka yalikuwa yamechoka kupanda, basi mdogo wake akapanda, yeye akaandika. Wifi hakuridhika ng'o. Alimwita kupe, tena kwa sauti ya kusikika hadi uani.

Leo wifi huyohuyo alikuja msituni na viatu vyake vya kutokea, barua mkononi.

"Shuka!"

"Nimejifunga kamba, wifi. Sema tu, nakusikia."

Wifi aliinua barua. "Nilienda ofisini. Niliwaambia wewe ni kibarua tu, huna haki ya kukaa nyumba ya kituo. Wakafungua faili. Kumbe mwenye haki alikuwa marehemu peke yake. Mwisho wa mwezi tunatoka. Wote wawili."

Huko juu, binti alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Badala yake alilia. Chumba cha uani alichopewa na kaka ndicho kitu pekee duniani alichowahi kuambiwa, "Hiki ni chako."

Wifi aliliinua daftari, akaketi kwenye kigoda, akalifungua. Kurasa zilijaa mwandiko wa mumewe. Safu moja iliandikwa *Mmea unachochukua kwa mti*, na chini yake, mstari kwa mstari, jibu lilikuwa lilelile: nafasi tu. Nafasi tu. Nafasi tu.

"Kwani hii mimea hainyonyi mti?"

"Hainyonyi, wifi. Inakunywa mvua, inakula vumbi na majani yaliyooza. Mti unaipa pa kukaa."

Wifi aliitazama barua yake.

"Na mti si umeshakufa? Mbona ile pale inachanua?"

"Haijajua bado."

"Itajua lini?"

"Gome likianza kubanduka."

Kipande cha gome kilidondoka, kikatua kwenye ukurasa. Wifi alikipangusa kwa kiganja, akapangusa na macho. Kisha akatafuta kalamu.

"Okidi nyeupe," sauti ikatoka juu, imekwaruza kwa kilio. "Tatu."

"Okidi nyeupe, tatu," wifi akajibu. "Haya, endelea, mdogo wangu."