Kiti cha Winchi

“Nishike shingoni, mama. Hapo hapo. Haya, twende!”

Dobi alivuta. Mama yake alinyanyuka kidogo, akayumba, kisha akarudi kitini puu, mto ukatoa pumzi.

“Unanivuta kama kiroba. Sema unataka nini, nitakwenda mwenyewe.”

“Tunakwenda hospitali.”

“Nani anaumwa?”

Alikuwa akiuliza hivyo tangu walipokuwa wakinywa chai. Dobi akavuta tena, na safari hii akamsimamisha.

Kiti kile alikinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza kule anakopiga pasi mashuka ya hoteli, kazi iliyompa jina la Dobi. Kilikuwa na mikono ya mbao na mto mnene wa bluu. Utoto wake wote mama yake alikuwa akibeba zege kwenye majengo ya watu, karai kichwani, ngazi za mbao, ghorofa juu ya ghorofa. Mafundi walimpachika jina la Winchi, wakisema winchi ya chuma ya kupandishia zege huharibika lakini huyu haharibiki. Siku kiti kilipopandishwa hadi chumbani kwao, Dobi alimketisha mbele ya wapangaji wenzake akasema, “Umebeba vya kutosha, mama. Kuanzia leo hugusi kitu.” Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Na kweli, mama hakugusa kitu. Maji alichota Dobi, akafua Dobi, akapika Dobi. Sahani ilimfuata mama mapajani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na ile mikono ya karai ilikuwa imebaki ngozi inayocheza juu ya mfupa. Kisha akili nayo ikaanza kumponyoka. Yalianza majina, zikafuata siku, mwisho jiko: alifungua gesi, akasahau kuwasha, akarudi kukaa. Harufu ilijaa ukumbi mzima. Mwenye nyumba alisema neno moja tu: ikirudia, mnahama. Tangu hapo Dobi alikuwa akienda kazini mlango ameufunga kwa nje, na roho yake akiiacha humo ndani.

“Ruhusa ipo,” msimamizi wake alikuwa amemwambia jana, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. “Kama na kazi itakuwepo ukirudi, hilo mimi sijui.”

Hospitalini walikaa kwenye benchi hadi jua likawahama. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimpa mama vidole viwili.

“Shikamoo, bibi. Nibane kwa nguvu zako zote.”

“Marahaba. Si nimeshabana?”

Daktari alivitazama vidole vyake kama vile si vyake. Akamwomba akunje mikono kifuani, asimame bila kujishika. Mama alijaribu, akacheka, akabaki pale pale. Daktari akamtajia maneno matatu, nyundo, ndizi, dirisha, wakazungumza mengine kidogo, kisha akamwomba ayarudie.

“Kwani wewe mwenyewe umeyasahau?” mama aliuliza. “Kijana mdogo hivi!”

Dobi alicheka peke yake. Daktari akamgeukia.

“Nyumbani anafanya kazi gani?”

“Hafanyi kitu,” Dobi alisema, na kifua kikamvimba kidogo. “Namtunza. Hainuki hata kufuata maji ya kunywa.”

Kalamu ya daktari ilisimama.

“Sikiliza, dada. Misuli inapungua na umri, na ikikaa bure inakwisha haraka zaidi. Na wazee wanaoishiwa nguvu, mara nyingi kumbukumbu nayo inawaacha mapema kuliko wenzao. Vitu hivi vinaandamana. Kipi kinamvuta mwenzake, watafiti bado wanabishana. Siwezi kusema kukaa ndiko kulikomfanya hivi. Lakini hakukumsaidia.”

 Dobi alitaka kueleza habari za zege, za ngazi za mbao, za shingo ya mama iliyokuwa ikikandwa kwa maji ya moto kila jioni. Alichosema ni, “Nilitaka apumzike.”

“Najua.”

“Basi dawa?”

“Ya vidonge sina. Atembee, apande ngazi. Abebe kitu, kidogo kidogo, kila siku, na mtu awe nyuma yake. Ale mayai, maharage, samaki.”

“Atarudi kuwa kama zamani?”

“Nguvu kiasi zinaweza kurudi. Kichwa, labda tutapunguza mwendo wa kusahau.” Alinyoosha kalamu kuelekea mlangoni. “Nendeni chumba cha mazoezi, mwisho wa ukumbi. Kule ndiko pa kuanzia.”

Walijikokota hadi mwisho wa ukumbi. Mlango ulikuwa na kufuli. Dirishani Dobi aliona baiskeli ya mazoezi ingali kwenye nailoni yake, na vyuma vya kunyanyua vimepangwa vizuri, vimelala vumbi.

“Mtamngoja nani hapo?” mfagiaji aliwauliza. “Mtaalamu alihamishwa. Wakubwa walikuja wakakata utepe, wakapiga picha, wakafunga.”

“Mwingine analetwa lini?”

“Mdogo wangu, hilo hata mimi huwa nauliza.”

Mama naye alikuwa amebandika uso kiooni. “Baiskeli yenyewe haina magurudumu,” alisema. “Wanaogopa nani atakimbia nayo?”

Walipofika nyumbani, Dobi hakumwita mtu amsaidie kumpandisha mama. Alisimama bombani akijaza ndoo ndogo, ile ya kuogea, robo tu. Alijikaza kisabuni, akaiweka mkononi mwa mama.

“Ipandishe, mama. Niko nyuma yako.”

Mama aliitazama ndoo, akakamata mpini, akakamata ukuta. Hatua ya kwanza miguu ilitetemeka. Ya pili maji yakamrukia sketi. Kijana wa ghorofa ya kwanza alikuwa akishuka mbio, akasimama ghafla.

“Shikamoo, bibi! Lete hiyo, lete.” Akaipokonya kwa heshima zote.

“Dobi!” Mama Pacha alikuwa ameegemea ukingo wa ngazi huko juu. “Ndiyo nini hiyo? Leo unamtumikisha mama yako?”

Milango ikafunguka. Vichwa vikatoka.  Dobi alikuwa na maelezo ya daktari, lakini hapa ngazini yangesikika kama visingizio. Na kesho? Kesho alfajiri mashuka yangekuwa yakimngoja, kama kazi ingalipo, na nyuma ya mama kusingekuwa na mtu, ila mlango uliofungwa.

“Ndiyo, Mama Pacha,” alisema. “Namtumikisha.”

“Hata huoni aibu!”

“Naona.” Akamgeukia kijana. “Mrudishie ndoo yake.”

“Dada, mtu mzima huyu…”

“Mrudishie.”

Kijana alirudisha, huku akitazama chini. Mama aliipokea, akaganda, macho yakatangatanga ukutani.

“Maji haya ni ya nani?”

“Ni yetu, mama.”

“Sasa mbona tumesimama?”

Akainua mguu. Dobi alitanua mikono nyuma ya mgongo ule mwembamba bila kuugusa, na hakumtazama mtu.