Wavu Uliosuguliwa

Mama alinipigia asubuhi akiwa na furaha. Vifaranga elfu tatu vya sato vilikuwa vimefika Kisorya kutoka Musoma, kwenye mifuko iliyojazwa hewa, na hewa hiyo ingetosha mpaka saa sita tu. Kikundi cha mama na wenzake kilikuwa kimekopa kwa ajili ya samaki hao. Wavu mpya wa kizimba cha kufugia samaki ziwani nao ulikuwa tayari. Jumamosi walikuwa wameusugua kwa mchanga.

Nikamwuliza kwa nini.

"Kitu kipya hatukitumbukizagi ziwani na harufu ya duka," alisema, akakata simu.

Wavu ule ulipakwa rangi yenye chembe za shaba, ndogo mno kuonekana kwa macho, ili mwani usishike. Mimi ndiye niliyewaambia ni salama. Programu niliyoitengeneza chuoni hukisia sumu ya chembe kama hizo kabla ya kujaribiwa kwa samaki, na nilikuwa nimeijaza taarifa za wavu usiosuguliwa. Pale chumbani kwangu Manyamanyama nilibadilisha namba moja tu: kiasi cha chembe zinazobanduka. Jibu likageuka kuwa hatari.

Nilipiga simu mara sita. Wakishaingia kazini, simu zote hubaki dukani kwa Pastory. Nikachukua bodaboda.

Nilipowafikia ufukweni, wavu ulikuwa tayari ndani ya mtumbwi. Saa nne na nusu ilikuwa imeshapita. Nilieleza huku nahema. Wenceslaus, mwenyekiti wao, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi ilisema ndiyo, leo hapana," alisema. "Hiyo kompyuta yako ina mimba?"

Wanawake walicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza kama nina uhakika.

"Sina, mama. Ni makisio. Ila juzi sikuwauliza mnausafishaje."

Alichota maji ya ziwa kwenye mabeseni mawili. Katika moja alitumbukiza pembe ya wavu, akaisugua kwa mchanga kama walivyozoea. Kisha akatia vifaranga kumi kila beseni. Mifuko mingine tukaiweka kivulini, na Wenceslaus akawa anatazama saa yake kila mara.

Nilitamani nionekane mjinga mbele yao wote, ilimradi samaki wapone.

Dakika arobaini zilipita. Kwenye beseni la maji matupu vifaranga vilizunguka vizuri. Kwenye lile lingine kimoja kilipanda juu kikitweta, kikalala ubavu. Kikafuata cha pili, cha tatu.

Wenceslaus alishusha wavu mpya kutoka mtumbwini yeye mwenyewe. Wanawake wakaukimbilia ule wa zamani, wakaziba matundu yake kwa uzi, na saa sita kasorobo vifaranga vikaingia majini.

Mama alikaa mchangani karibu nami, mikono bado imelowa.

"Toa daftari," alisema. "Nikwambie na mengine tunayofanyaga."