Chumvi ya Mama Mkwe

Kunigunda alionja mboga za maboga, akazitema. Chumvi tupu! Aliyeiongeza ni mama mkwe wake, Scholastica. Zamani Scholastica alizunguka kijiji kizima cha Mkumbi, nyumba kwa nyumba, akihimiza chumvi yenye madini joto ili watu wasiote rovu. Sasa rovu limeota shingoni mwa mkwewe, angekaaje kimya?

"Mama, hili langu si la kukosa chumvi!" Kunigunda alifoka. "Daktari alisema kinga ya mwili wangu yenyewe ndiyo inayoichochea tezi ya shingoni, nayo inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana moyo ulikimbia, mikono ikatetemeka hata kuchambua kahawa kukanishinda. Madini joto yakizidi yanaweza kuichochea tena. Dawa yangu ni vidonge, kila siku!"

Scholastica alisogeza kikopo cha chumvi pembeni.

"Vya leo umevimeza?"

Kunigunda aliinamia sahani. Alipoona mikono imetulia aliviacha, wiki ya pili sasa, na kutetemeka kulikuwa kumeanza kurudi.

"Vilete," alisema Scholastica, akimimina maji kwenye kikombe. "Meza mbele yangu. Halafu fungua mdomo nione."