Shemeji Aliyeokolewa Bila Kuulizwa

Verlin Combs alianguka kutoka juu ya mti mwanzoni mwa Novemba, na Delbert Stidham, shemeji yake, alipopata habari hizo alimshukuru Mungu kabla hata hajauliza kama mtu mwenyewe yu hai.

Si kwamba alimchukia. Delbert alikuwa shemasi wa kanisa dogo la Kibaptisti pale Caney Lick, katika milima ya Kentucky, na kwa wiki sita alikuwa akihudhuria mafunzo ya kuwashuhudia watu. Zoezi la mwisho lilikuwa moja tu: kila mwanafunzi ampelekee habari za Yesu mtu mmoja asiyesali, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huo. Wenzake wote walishapata watu wao. Delbert, dereva mstaafu wa basi la shule, alibakiwa na majina mawili. Mmoja alikuwa amehamia Florida. Wa pili alikuwa Verlin, kaka wa mkewe, ambaye kwa miaka thelathini, kila Delbert alipoanza kusema, "Shemeji, hivi umewahi kufikiria," aliinuka kwenda kuwatazama mbwa wake.

Sasa Verlin alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umevunjika mahali pawili, plasta kutoka kwenye vidole hadi pajani. Hakuna pa kwenda.

"Mpelekee supu, umwache apumzike," Wanetta, mke wa Delbert, alimwonya. "Delbert, unanisikia? Supu."

"Nimesikia. Supu."

Alipeleka supu. Na kijitabu cha mafunzo alikiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Alimkuta shemeji yake ameshika kikombe cha chai ya barafu, macho kwenye runinga. Saa nane kamili mchana mpira wa kikapu ungeanza. Zilibaki dakika kumi. Delbert akaweka supu mezani, akasafisha koo, akasimama katikati ya chumba kama alivyofundishwa.

"Shemeji, kama ungekufa leo, ungekwenda wapi?"

"Kwa mguu huu? Nisingefika mbali."

Kijitabu hakikuwa na jibu hilo. Delbert akaruka mstari. "Je, umeoshwa kwa damu ya Mwanakondoo?"

"Mwanakondoo wa nani?"

"Si wa mtu. Ni Mwanakondoo."

"Mimi nachuna wanyama tangu nikiwa na miaka tisa, Delbert. Damu haioshi. Damu ndiyo inayooshwa, na haitoki. Muulize dada yangu, ndiye aliyekuwa akifua."

"Ni lugha ya kiroho hiyo. Maana yake ni kwamba unapaswa kuzaliwa mara ya pili."

"Nilizaliwa na ratili kumi na mbili. Marehemu mama alisema mara moja inatosha."

"Maana yake uokolewe!"

"Kutoka kwenye nini?"

Swali lilikuwa jepesi, na Verlin aliliuliza bila kejeli. Delbert alifunua ukurasa. Jibu halikuwepo hapo. Akafunua mwingine, ulikuwa na picha ya daraja. Wakati huo filimbi ilikuwa imeshapulizwa kwenye runinga, na kiuno kipana cha shemasi kilikuwa kimeziba uwanja wote, isipokuwa kona moja.

"Shemeji, niseme nini ili ukae pembeni?"

"Sala hii fupi tu," Delbert alisema. "Nifuatishe."

Verlin aliifuatisha kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza kwinini. Delbert alikuwa amefumba macho, ameinua mikono. Hakuona kwamba kwenye ile kona kijana mmoja wa Kentucky alikuwa amerusha mpira kutoka mbali ukaingia bila kugusa chuma. Alichosikia ni shemeji yake, mara tu baada ya amina, akipiga kelele, "Naam! Naam! Asante Mungu!"

Machozi yalimtoka Delbert. Aliondoka kwa kunyata, asije akaharibu.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima na kutangaza kwamba Verlin Combs ameokoka. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Mchungaji Hobart alimkumbatia. Wanetta pekee alibaki ameketi, mkoba mapajani.

"Verlin yupi?" alimnong'oneza mumewe aliporudi kukaa.

"Kaka yako."

"Kaka yangu Verlin?"

Kwenye saa tisa alasiri simu ililia nyumbani kwao. Sauti ya Verlin ilikuwa ya chini na ya taratibu, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Delbert. Kuna wanawake sita barazani kwangu, wanaimba. Mezani nina mabakuli kumi na moja ya vyakula. Dada Odessa Pratt amenibusu. Na kuna mmoja hapa ananipima mabega kwa utepe wa fundi, anasema ni joho la ubatizo, tarehe imeshapangwa. Naomba uje. Uje sasa hivi."

Delbert na Wanetta walipofika, waimbaji walikuwa wameshaondoka. Verlin alikuwa kwenye kochi, katikati ya viazi vya kuokwa na jibini, kuku wa kuchemshwa na matonge ya unga na keki za nazi.

"Nilitaka uondoke mbele ya runinga!" alisema. "Ndiyo maana niliisema ile sala! Ningekubali hata kuuza nyumba!"

"Lakini ulimshukuru Mungu, nilikusikia."

"Walikuwa wamefunga pointi tatu, bwana wee! Kila mtu Kentucky alimshukuru Mungu!" Alijaribu kukaa vizuri, mguu ukamkataza. "Umenitangaza kama nguruwe aliyepotea akaonekana. Na nikwambie jambo moja, shemeji. Kama kweli mnayo habari njema, kwa nini mnaisema kama mtu anayesoma masharti ya bima? Nimekuuliza swali moja, moja tu, ukaanza kutafuta kwenye karatasi. Haya, tokeni. Yule kuku mwacheni."

Ndani ya gari Delbert hakuwasha injini mara moja. Alisubiri mkewe aseme, kwa kuwa alijua atasema.

"Ulitaka nini hasa?" Wanetta aliuliza. "Verlin ampate Mungu, au wewe umalize zoezi?"

"Vyote viwili."

"Delbert."

Aliutazama usukani. Alikumbuka yale makofi, na jinsi yalivyokuwa matamu. "La pili," alisema.

Jumapili iliyofuata alinyoosha mkono tena kuomba nafasi, na Mchungaji Hobart, akitarajia mtu mwingine aliyeokoka, alimpa kwa furaha.

"Ndugu zangu," Delbert alisema, akishika ubao wa benchi la mbele, "wiki iliyopita niliwaambia shemeji yangu ameokoka. Hajaokoka. Alitaka kuangalia mpira. Mimi niliharakisha kusema kwa sababu nilitaka mnisifu, na nilimwaibisha mtu mgonjwa nyumbani kwake. Naomba mnisamehe."

Kisha sauti ya Dada Odessa, mwenye miaka sabini na minane, ikatoka benchi la nyuma: "Na kuku wangu je?"

Kanisa zima likacheka, na Delbert naye akacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto.

Kesho yake alikwenda kwa Verlin. Verlin alimtazama mifukoni kabla ya kumtazama usoni.

"Kijitabu kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani. Nimekuja kusema nimekosea. Nisamehe, shemeji."

"Halafu?"

"Basi. Na kuwalisha mbwa, kwa kuwa nasikia jirani yako amechoka."

Mbwa walikuwa saba, wa kuwindia, na hakuna hata mmoja aliyempenda Delbert. Akawa anakwenda kila asubuhi. Aliwalisha, akaingiza kuni, akachota majivu ya jiko. Baadaye walicheza drafti, na Verlin alimfunga bila huruma.

"Unaanza lini?" Verlin aliuliza siku ya tatu.

"Kuanza nini?"

"Mahubiri. Niambie tu nijiandae."

"Sina mahubiri."

Haikuwa rahisi. Ulimi ulimwasha. Siku ya tano Verlin mwenyewe alisema, akitazama theluji dirishani, kwamba mtu hajui siku yake, na Delbert ilibidi ajaze mdomo mkate wa mahindi mpaka jaribu lipite. Sikukuu ya Shukrani ikaja ikaenda, Krismasi nayo, zoezi lake likabaki tupu kwenye daftari la mafunzo, na mwalimu akaacha kumuuliza.

Ilikuwa Januari, katikati ya mchezo, Verlin akiwa na kete mbili zaidi, aliposema bila kuinua macho, "Odessa ameniambia ulisimama mbele ya watu ukakiri."

"Ndiyo."

"Nakufahamu miaka thelathini. Sijawahi kukusikia ukisema umekosea. Hata siku ile ulipogonga duka la mbegu kwa basi, ulisema duka lilisogea. Ungeweza kunyamaza, Delbert. Mimi nisingekwenda kanisani kuwaambia. Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu nimeoshwa," Delbert alianza, kisha akakomea hapo. Akaweka kete chini. Alitafuta maneno ambayo angeweza kumwambia mtu dukani, na yalichelewa kuja, na safari hii akayasubiri.

"Niliwadanganya watu nikitumia jina la Mungu," alisema. "Nikajua kwamba nikimwambia Mungu ukweli, hatanifukuza. Hilo ndilo ninaloliamini. Yesu alibeba mabaya yangu, akafa kwa ajili yangu, akafufuka. Kwa hiyo sina haja ya kujifanya mtu mwema ili nipendwe. Bado najifanya, kwa mazoea. Lakini sina haja. Uliniuliza tunaokolewa kutoka kwenye nini. Mimi, ni kutoka kwenye hilo. Kwenye dhambi zangu, na kwenye kuzificha."

Verlin aliinua macho kutoka kwenye ubao. "Hayo hayakuwemo kwenye kijitabu?"

"Yalikuwemo. Nilikuwa nayasoma tu."

Moto ulipasua kuni jikoni. Verlin akazungusha kete vidoleni.

"Tuseme kuna mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Ana plasta. Alikwenda kwenye harusi ya binti yake, akanywa, akasimama mbele ya wageni akasema bwana harusi hafai hata kufungwa mnyororo mmoja na mbwa. Miaka tisa imepita. Binti yuko Ohio, hapigi simu. Sasa mtu huyo akimwambia Yesu, jambo hilo linafutika?"

Delbert alimjua Shelby, binti wa Verlin, tangu akiwa mtoto wa kubebwa. "Mungu anamsamehe," alisema polepole. "Kabisa. Lakini simu, shemeji, itabidi huyo mtu apige mwenyewe."

"Nilijua tu kuna mtego."

Kila kitu ndani ya Delbert kilitaka kusema tufumbe macho tusali. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Zamu yako," alisema. "Cheza."

Wiki iliyofuata Verlin aliomba Biblia. "Si kile chembamba chenye daraja," alisema. "Chenyewe." Akawa anasoma habari za Yesu kwa sauti, polepole, na kuhoji kila kitu. Wale nguruwe elfu mbili walioingia ziwani, mwenye mali aliambiwa nini? Na wale wanafunzi, mbona wagumu namna hii kuelewa? "Wananikumbusha mtu," alisema, akimtazama Delbert juu ya miwani. Maswali mengi Delbert hakuyaweza. Alijifunza kusema "sijui", na kurudi kesho yake na jibu la Mchungaji Hobart, ambalo mara nyingi lilikuwa "hata mimi sijui, lakini nafikiri hivi."

Plasta ilitolewa mwishoni mwa Februari. Siku kumi baadaye Delbert alikuwa kwa daktari wa meno, shavu zima limekufa ganzi kwa sindano, simu ikaita mfukoni.

"Shemeji," Verlin alisema. "Nimempigia Shelby. Alilia, kisha akanitukana kidogo, haki yake, kisha akaniambia nina wajukuu wawili. Wawili, Delbert! Mmoja ameng'oka meno ya mbele." Sauti ikakatika, ikarudi. "Halafu nikasimama hapa jikoni nikazungumza na Mungu. Maneno ya kanisani siyajui, kwa hiyo nilimwambia yote nilivyo, na kwamba namwamini huyo Yesu, na anichukue. Nafikiri amenichukua. Unasemaje?"

"Fffaaa," Delbert alisema. "Afffa hee."

"Unalia au unakoroma?"

"Affaa!"

"Sawa. Sasa nisikilize. Usimwambie mtu yeyote. Safari hii nitasema mwenyewe, siku nitakayotaka. Umesikia?"

Delbert aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kwenye simu, huku daktari akimtazama.

Siku kumi na moja alikaa na habari hiyo tumboni. Alipungua uzito. Wanetta alidhani ni jino. Siku ya kumi na moja, Jumapili, Verlin aliingia kanisani na fimbo, akaketi nyuma, na muda wa ushuhuda ulipofika akainuka. Alisema jina lake, ingawa wote walilijua. Alisema alichomfanyia binti yake, na alichosamehewa, na ni nani aliyemsamehe, kwa maneno ambayo hata watoto waliyaelewa, na hakuzidisha dakika tatu. Kisha akauliza kama yule mama wa utepe bado anavyo vipimo vyake.

Wanetta alilia mpaka leso ikaloa. Nje, kwenye maegesho, watu walipokuwa wamemzunguka kaka yake, alimgeukia mumewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya jino."

"Siku kumi na moja! Mimi ni dada yake wa tumbo moja, Delbert Stidham!"

"Aliniomba ninyamaze."

Wanetta alimkagua mumewe kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu aliyeletewa mzigo asiokumbuka kuuagiza.

"Na ukanyamaza," alisema.

"Nilinyamaza."

Akaingiza mkono wake kwenye mkono wa mumewe, wakasimama hivyo kwenye tope la Machi, wakimsubiri Verlin amalize kukumbatiwa.