Injini Isiyokuwa Kwenye Kadi

Kiki ya kumi na tisa ndiyo iliyomchuna Mama Pacha ngozi ya muundi. Pikipiki ilikohoa, ikatema moshi mzito mara moja, ikanyamaza. Alishusha mguu, akajifuta damu kwa upindo wa suruali, akashika tena usukani.

"Mama, funga choki," alisema pacha mkubwa akiwa mlangoni, mswaki mdomoni.

"Nimeshafunga."

"Basi fungua," alisema mdogo wake.

Jirani wa chumba cha pili alifungua dirisha. "Shoga, mwenzio usiku kucha nimekesha kazini, ndiyo kwanza nalala. Ama iwashe, ama iuze."

"Iombee tu, dada'angu."

Kiki ya ishirini ikashika. Nyumba nzima ilitetemeka, vyombo vya jirani vikagongana kabatini. Mama Pacha hakuthubutu hata kuvaa vizuri kofia yake ngumu, akihofia kuachia mkono wa mafuta. Pacha mkubwa alimfungia kamba kidevuni, naye akaondoka kwa kishindo cha kurukaruka, kama mtu anayesukumwa kutoka nyuma.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na hadi mwezi uliopita hakuwahi kuendesha pikipiki. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga deki katika zahanati kubwa ya mjini. Kisha ikaja kampuni ya usafi na watu wake, wapiga deki wa zamani wakapewa barua ya shukrani na katoni ya sabuni. Aliyemkumbuka ni mkuu wa maabara, mzee mmoja wa maneno machache, ambaye katika miaka yote hiyo hakumwona Mama Pacha akiangusha hata kichupa kimoja. Alimwita pembeni akamwambia zahanati inatafuta mtu wa kukusanya sampuli za damu na makohozi kutoka vituo vitano vya pembezoni, safari mbili kila siku. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa kudeki. Sharti lilikuwa moja: awe na pikipiki yake mwenyewe, yenye kadi ya usajili na stika ya ukaguzi ya mwaka huu.

"Nitakushikia nafasi mpaka Ijumaa saa kumi jioni," alisema mkuu wa maabara. "Baada ya hapo orodha inapanda juu, na huko juu mimi sina sauti."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Pikipiki yenyewe aliinunua kwa mlinzi wa zahanati, aliyekuwa akihama mji na asingeweza kuibeba. Ilikuwa na miaka kumi na sita. Rangi yake nyekundu ilishageuka ya matofali, na kisoma mwendo kilikuwa kimeganda, hakihesabu tena. Ili aipate, Mama Pacha aliuza cherehani aliyoachiwa na mama yake, akauza jokofu, akamalizia na makochi. Chumbani kukabaki kitanda, mkeka, na alama ya mraba ukutani pale jokofu liliposimama miaka yote. Pacha walifanya kazi za shule wamelala kifudifudi, daftari sakafuni, na hawakulalamika. Kutolalamika kwao ndiko kulikomuuma zaidi.

Kwenye makutano ya barabara injini ilimzimikia. Magari yalipiga honi. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa nje: "Mama, hiyo si mashine ya kusaga! Itoe njiani!"  Mama Pacha alikuwa akijisemea moyoni: klachi, gia moja chini, mafuta taratibu, achia taratibu. Akaiwasha kwa kiki ya nne, akafika gereji jasho likimchuruzika mgongoni.

Fundi wa gereji aliitwa Spoki kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Kwa wiki tatu alikuwa akiikarabati pikipiki ile, lakini kwa mtindo wake: alikaa juu ya tairi kuukuu, akanywa chai, akamwelekeza mwenye mali afanye mwenyewe.

"Pikipiki ya umri huu ni mgonjwa wa kudumu," alimwambia siku ya kwanza. "Haponi, anauguzwa. Usipojua kumuuguza mwenyewe utahamia hapa gereji, na mimi mke wangu hataki mgeni."

Basi Mama Pacha akajifunza. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta kwa petroli na mswaki, akafunga gasketi mpya na waya mpya wa klachi. Kucha zake zikawa nyeusi, na harufu ya oili ikakataa kutoka hata kwa sabuni ya katoni ile. Siku hiyo kilichobaki kilikuwa cheni. Ile ya zamani ilikuwa imelegea mpaka inaruka meno.

"Ukienda ukaguzi na hii watakucheka," alisema Spoki. "Nenda dukani hapo kachukue mpya. Tulishaulizia bei Jumatano."

Dukani, muuzaji alitaja bei nyingine kabisa.

"Jumatano haikuwa hiyo," alisema Mama Pacha.

"Mzigo mpya, bei mpya."

Mama Pacha alipitisha kidole juu ya boksi la cheni, kikaacha mstari. "Mzigo mpya una vumbi hivi?"

"Siku hizi hata vumbi limepanda bei, mama," alijibu muuzaji, na wala hakuwa anatania. Alikuwa anatazama barabarani, amechoka, kama mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi.

Mama Pacha alilipa kwa hela ya chakula cha wiki ijayo. Kwenye kituo cha mafuta nako bango la bei lilikuwa limebadilishwa asubuhi hiyo hiyo. Akaweka nusu ya alichokusudia, akaifunga cheni kwa mikono yake, akaijaribu. Haikuruka. Taa ya mbele iliwaka, ya nyuma iliwaka, indiketa zilipepesa zote nne. Spoki alisimama, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Nenda. Kama kuna chombo kitakachokataliwa leo, si hiki."

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa juu ya kilima, na uwanja wake ulizungushiwa ukuta. Upande mmoja palikuwa na foleni. Upande wa pili zilipangwa pikipiki zilizozuiliwa, safu kwa safu, nyingine majani yameota hadi kwenye siti. Mama Pacha alifika saa nne na nusu. Saa tano dada wa kaunta alibandika karatasi dirishani: MFUMO UKO CHINI. Saa sita karatasi ikatolewa, lakini wenyewe wakaenda kula. Watu kwenye foleni walikaa juu ya vyombo vyao, wakizungumzia bei ya unga na bei ya matairi, wakicheka pale ambapo kucheka kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza.

Saa nane na robo mkaguzi alimfikia. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na tochi mkononi. Alijaribu breki, akaminya honi, akatikisa gurudumu. Alipapasa cheni akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Nani anakutengenezea?"

"Mimi mwenyewe."

Alimtazama Mama Pacha upya, akatabasamu. Kisha akachuchumaa, akamulika ubavuni mwa injini, akasoma namba, akatazama kadi. Akasoma tena. Akafuta injini kwa kidole gumba, akasoma mara ya tatu. Tabasamu likaondoka.

"Mama, hii injini siyo."

"Siyo vipi?"

"Namba ya fremu ni hii iliyo kwenye kadi. Namba ya injini ni nyingine. Kuna mtu alibadilisha injini, hakuandikisha."

 Mama Pacha alisogea pembeni akampigia simu mlinzi aliyemuuzia. Alipatikana mara ya tano, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Mama Pacha, wallahi hata mimi nilinunua hivyo hivyo," alisema. "Mwenye kadi alikuwa ameshakufa, mjane wake ndiye aliniuzia. Mimi kila mwaka nilimsalimia kijana wa pale na kitu kidogo, naye hakuinama kusoma. Kwani wewe hukusalimia?"

Alirudi kwa mkaguzi. Noti yake ya mwisho ilikuwa imekunjwa ndogo ndani ya kiganja. Mkaguzi aliiona hata kabla hajanyoosha mkono.

"Ifiche, mama. Zamani tungeongea. Sasa kila kitu kiko kwenye mfumo, namba nimeshaiingiza, na mfumo umekataa."

"Mfumo ni mtu gani nikaongee naye?"

"Mfumo si mtu."

"Basi nipe mtu."

Mkaguzi alivuta pumzi. Alimwelekeza kwa dada wa kaunta. Dada wa kaunta, bila kuinua macho, alimsomea orodha: risiti ya kununulia injini, hati ya kiapo, barua ya polisi, na mmiliki wa kwanza aje mwenyewe na kitambulisho.

"Amekufa, dada."

"Basi cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi." Akageuza ukurasa. "Na mpaka hivyo vipatikane, chombo kinabaki hapa. Ada ya maegesho inahesabiwa kwa siku."

Saa tisa na dakika ishirini Mama Pacha alimpigia mkuu wa maabara. Alieleza haraka haraka, maneno yakipandana. Pikipiki ni nzima, mzee. Imekaguliwa kila kitu. Ni namba tu. Naomba Jumatatu. Naomba nianze kwa miguu hata.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Pacha, ukipata ajali na damu za watu bila stika, bima haitalipa hata senti. Nilishauliza hilo mapema, nikijua watanibana." Sauti ya mzee ilikuwa imepoa. "Kuna kijana mwingine karatasi zake zimekamilika. Amekaa hapa nje tangu saa tatu. Nisamehe."

Simu ikakatika, au ikakatwa.

Alirudi alipokuwa mkaguzi, na hapo, mbele ya foleni nzima, alipiga magoti kwenye kokoto. Hakuwa amekusudia, mwili ulitangulia. "Niko chini ya miguu yako, kaka'angu. Nina watoto wawili wanalala kwenye chumba kitupu kwa sababu ya chuma hiki. Niandikie hata kibali cha wiki moja."

"Inuka, mama. Tafadhali inuka." Mkaguzi aliangaza huku na huko kwa aibu. "Mimi mwenyewe nimepanga chumba kama wewe. Nikikuandikia, kesho mimi ndiye niko nje ya geti. Injini hii haijulikani ni ya nani. Siwezi kuiruhusu itoke."

Mama Pacha alibaki pale chini akiitazama pikipiki. Alikuwa ameijua kila bolti yake. Alijua ipi imekula uzi, ipi inataka kugongwa kwanza.

"Na fremu?" aliuliza.

"Fremu vipi?"

"Fremu inajulikana ni ya nani?"

Mkaguzi alitazama kadi. "Fremu haina tatizo. Mkataba wa mjane upo, na wako wa mauziano uko sawa. Fremu ni yako."

"Basi nipe fremu yangu."

Wengine kwenye foleni walicheka. Mkaguzi naye alicheka kidogo, kisha akaenda ndani. Alirudi baada ya dakika kumi. Bosi wake alikuwa ametafuta kifungu kinachokataza na hakukiona.

Chini ya siti kulikuwa na mfuko wa spana. Mwenye pikipiki kuukuu hatembei bila spana. Mama Pacha alifunga bomba la mafuta. Akatoa kabureta, akaiweka kando kwenye kitambaa.

"Hiyo ni sehemu ya injini," alisema mkaguzi.

"Ina namba kwenye kadi?"

Mkaguzi alitazama kadi, akairudisha mfukoni. Mama Pacha aliendelea. Alifungua ekzosi, akachomoa nyaya moja moja, akang'oa waya wa klachi, akatoa cheni ile mpya na kuiviringisha begani. Hakuharakisha. Kicheko cha foleni kilikuwa kimekwisha, na watu walikuwa wamesogea. Alipofika kwenye bolti tatu kubwa zilizoshikilia injini, mwanamume mmoja mwenye guta la magurudumu matatu la kubebea matunda aliacha nafasi yake kwenye foleni bila kuambiwa, akashika injini kwa chini. Waliishusha wawili, wakaiweka kwenye kokoto pale penye safu za vyombo vilivyozuiliwa. Ilikuwa ya moto kwa jua la mchana.

"Hiyo ndiyo yenu," alisema Mama Pacha. "Iandikieni ada."

Mkaguzi alisaini karatasi ya kutokea. 

Getini askari alimsimamisha, akafungua daftari. Alitazama tundu lililokuwa katikati ya pikipiki, ambamo ukuta wa upande wa pili ulionekana.

"Sasa hapa niandike nimetoa nini?"

"Andika ulichokiona."

Askari alifikiri, akaandika, akafungua geti.

Nje barabara iliteremka moja kwa moja kutoka kilimani. Mama Pacha alifunga kamba ya kofia kidevuni, akakaa kwenye siti, akasukuma kwa miguu mara mbili. Pikipiki ikaondoka bila sauti. Haikurukaruka, haikuzima. Upepo ulimpiga kifuani, na mkono wake wa kushoto, kwa mazoea ya wiki tatu, ulikuwa ukiminya klachi iliyolegea, isiyoshika kitu. Watu kando ya barabara waligeuka kumwangalia mama anayepita kasi juu ya pikipiki isiyonguruma. Alikuwa analia, na machozi yalikauka kabla hayajafika mashavuni. Breki zilishika vizuri kila alipozikanyaga.

Chini ya kilima mwendo ulipungua, ukapungua tena, ukaisha. Mbele yake barabara ilianza kupanda. Alishuka, akaegemeza kifua kwenye usukani, akaanza kusukuma.