Rufaa ya Nyiramahoro

Sheria ya kukataza ng'ombe kuvuka barabara siku ya soko aliitoa Kabera, mkubwa wa wenye bunduki walioshika kilima kilicho juu ya kijiji cha Kirolirwe. Ng'ombe wa Nyiramahoro alipovuka, aliyemkamata ni Kabera. Na leo mjane huyo alipoitwa kujitetea, aliyekalia kiti cha hakimu ni nani? Kabera yule yule, bunduki magotini.

Kesi haikuchukua muda. Ng'ombe akawa mali ya hakimu.

"Papa, mimi nakata rufaa," alisema Nyiramahoro.

"Kwa nani?"

"Kwa mukubwa wako."

"Mukubwa njo mimi. Sema, nasikiliza." Alisikiliza kidogo, akapiga miayo. "Rufaa imekataliwa."

Kisha akaagiza kikombe cha maziwa, kwani kwa wafugaji, waliogombana hunywa pamoja ili kinyongo kiishe. Nyuma ya ukuta ng'ombe yule alilia. Alikuwa ameitambua sauti ya Nyiramahoro. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu.

"Kunywa, kisha unipatie," alisema Kabera.

Nyiramahoro akayanywa yote, asimbakizie hata tone. Akashuka kilima peke yake, kwenda kwa ndama wa ng'ombe yule, aliyekuwa akilia nyumbani tangu juzi.