Maneno Yaliyozidi

Mwanamize Hija alikuwa amesomesha bayolojia Wete miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo aliamini Kiingereza anakijua. Kisha akaomba masomo ya uzamili nje, na mtihani wa Kiingereza ukamwangusha mara mbili, zote kwenye sarufi.

Akamfuata Othman, mtoto wa ami yake, mwalimu wa Kiingereza. Kila Jumamosi walikaa barazani kwa Othman, Jadida, kitabu cha mazoezi baina yao.

"Soma sentensi hii," Othman alimwambia.

"He likes fishing, farming and to trade."

"Kosa liko wapi?"

Mwanamize akaitazama mpaka macho yakamuuma. Mtu anapenda kuvua, kulima na biashara. Tumbe kwao watu hao wamejaa. "Haina kosa, maalim."

"Lipo. Kazi mbili za mwanzo zimekwisha kwa -ing, ya tatu imeshika njia yake. Ukipanga vitu, vyote viwe sura moja."

"Kwani haifahamiki?"

"Inafahamika. Lakini alama hupati."

Iliyofuata ilimuudhi zaidi: return back. Othman akamweleza kuwa return peke yake imeshasema kurudi, hiyo back imezidi, ifutwe. Mwanamize akamwuliza mbona sisi kwa Kiswahili twarudi nyuma, twapanda juu, twashuka chini, na hapana anayetukata alama. Othman akafungua ukurasa mwingine. Jumatatu, darasani, Mwanamize akajikuta ameandika ubaoni repeat again, kurudia tena, kwa mkono wake mwenyewe, na wanafunzi arubaini na nane washainakili. Akaifuta kwa kiganja.

Toka hapo akawa mtu wa kufuta. Alifuta kwenye maandalio ya masomo, akafuta mpaka kwenye ujumbe wa simu. Mama yake, Bi Moza, akampigia kutoka Tumbe. "Nimekuuliza hali yako na ya watoto, wanijibu 'wazima' basi. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Mwanamize akavuka kwenda Unguja kufanya mtihani mara ya tatu. Sarufi aliimaliza kabla ya wakati. Kwenye insha aliandika, akasoma, akakata kila neno alilolishuku. Alitoka moyo mweupe.

Majibu yalimfikia kwenye simu baada ya wiki mbili, wakati wa mapumziko. Sarufi alipata alama zote. Insha ilikuwa chini ya kiwango. Alasiri Othman akamfuata nyumbani mwenyewe.

"Walitaka maneno mangapi?"

"Mia mbili na khamsini."

"Na wewe?"

"Yalikuwa mia tatu. Nikayapunguza. Yakabaki mia na sitini na kitu."

Othman akainamisha uso, lakini tabasamu Mwanamize alishaliona.

"Usicheke, maalim. Miezi mitano wanifundisha kufuta. Hukunambia nikomee wapi."

Tabasamu likafutika. "Kweli, sikukwambia. Niwie radhi."

Mtihani mwingine ulikuwa baada ya miezi mitatu, na chuo kilikuwa kinafunga maombi mwisho wa mwezi ule. Mwaka umekwenda, kwa neno back na wenzake. Mwanamize akabandua chokaa ya ukuta kwa ukucha, kisha akamwambia Othman aje Jumamosi, na kitabu cha mazoezi akiache nyumbani. Yeye ataandika insha, na kazi ya Othman itakuwa kuhesabu maneno.